UZI: Mie nipo Darajani, boti ipo Tumbe, ripita ipo kilimani Konde. Simu yangu itaingiaje hewani?

MwaniNaBahari
Assalaam aleykum wakubwa kwa wadogo. Naweka shida yangu hapa, mwenye ujuzi anitoe ujinga.

Sisi ni kikundi cha mwani huku kaskazini Pemba. Tuna boti mbili zinazozunguka kukusanya mwani kwa akina mama na kuuleta Tumbe. Kila boti ina redio, na juu ya kilima upande wa Konde tuna ripita yetu ndogo, inayopokea sauti za redio na kuzirusha tena zifike mbali, ina karatasi zake na masafa tuliyopewa. Kwa sauti tunashukuru. Ukishatoka nje ya mwamba simu inabaki ya kutazamia saa tu, lakini redio inasikika.

Tabu ni mie. Wiki moja nipo Pemba, wiki moja nipo Unguja kwa mnunuzi. Nikiwa Darajani mnunuzi akabadilisha maneno, leo hataki mwani wa spinosamu anataka wa kotonii, sina njia ya kumwambia nahodha. Nampigia kijana wa ghala, kijana anakimbilia redio, anamwambia nahodha, nahodha anajibu, kijana anarudi kwenye simu kashasahau nusu. Bamvua iliyopita nikaambiwa "nahodha kasema sawa". Kumbe nahodha kasema "si sawa, maji yanakupwa". Boti ikalala juu ya mchanga mpaka maji ya usiku, mwani umo ndani unanuka.

Nataka nipige simu, sauti yangu itoke kwenye ripita, na nahodha akijibu nimsikie sikioni. Simu ya vitufe ya zamani ninayo. Nimewaza niipandishe kilimani niifunge mle mle kwenye sanduku la ripita. Kule mtandao unashika vijiti viwili, sauti inapita ila intaneti inasuasua. Inawezekana?

YakheWaDarajani
Yakhe si umtumie voisi ya WhatsApp tu?

MwaniNaBahari
Nje ya mwamba hakuna mtandao shekhe. Soma uzi.

YakheWaDarajani
Nshasoma sasa. Pole ya mwani.

FundiChake
Inawezekana, na ni kazi ya zamani kuliko simu zenyewe za mkononi. Watu walikuwa wakiunga redio na simu za waya tangu zamani. Nianze na sauti maana ndiyo nyepesi.

Simu yako ina tundu la hedifoni. Pini yake ya milimita 3.5 ikiwa na vipande vinne, simu nyingi za leo zimepanga hivi kuanzia nchani: sikio la kushoto, sikio la kulia, ardhi, maiki. Zipo za zamani zilizogeuza hivyo viwili vya mwisho, kwa hiyo pima kwa mita kwanza, usije ukaniapiza. Kwenye waya wa maiki simu yenyewe inatoa umeme kidogo, kama volti 2, wa kuilisha maiki. Huo usiingie kwenye redio: weka kapasita, inayopitisha sauti na kuuzuia umeme huo.

Sauti inayotoka kwenye spika ya redio ni kubwa mno kwa maiki ya simu. Ipunguze kama mara mia hivi. Rizista, yaani kizuizi cha umeme, ya kilo-omu 10, kisha ya omu 100 kwenda ardhini, basi. Lakini angalia hapa, wengi wanaangukia: ile omu 100 ukiiunga moja kwa moja na waya wa maiki bila kapasita, simu itadhani umebonyeza kile kitufe cha kwenye waya wa hedifoni, maana kitufe kile hakifanyi lolote zaidi ya kugusisha maiki na ardhi. Itapokea na kukata simu yenyewe kama ina jini.

Kati ya simu na redio weka transfoma ndogo za omu 600 kwa 600, moja ya kwenda moja ya kurudi, ili ardhi za vyombo viwili zisikutane. Ukizikutanisha utapata mvumo ambao hautaondoka hata uchinje mbuzi.

Kupokea simu bila mkono: baadhi ya Nokia za vitufe zina mpango wa kujibu zenyewe, unaofanya kazi hedifoni ikiwa imechomekwa. Tafuta hiyo.

MwaniNaBahari
Fundi, Mungu akuweke. Kwa hiyo waya ukishaingia, nikipiga sauti inatoka?

FundiChake
Sauti itafika mpaka kwenye redio. Redio haitairusha mpaka kitufe cha kusemea kibonyezwe. Hapo ndipo watu huweka voksi, yaani kisanduku kinachosikiliza: kikisikia sauti tu, kinabonyeza chenyewe.

MzeeWaSimuYaUpepo
Na hapo ndipo watu huharibikiwa.

FundiChake
Shkamoo mzee. Nilijua utakuja.

MzeeWaSimuYaUpepo
Marahaba. Nimekaa na redio tangu simu ya upepo ilipokuwa ndiyo simu. Hebu nikuulize kijana wa mwani. Mkiongea kwa simu, wewe na mwenzio mnaweza kusema pamoja, sivyo? Mnagombana kabisa, huyu anasema na yule anasema, na kila mtu anamsikia mwenzake. Redio haina hiyo. Redio ni zamu. Anayesema amefunga masikio, anayesikiliza amefunga mdomo. Sasa umechukua chombo kisichojua zamu ukakiunga na chombo kisichojua ila zamu. Nani atakuwa msimamizi wa zamu hapo katikati? Waya, transfoma, rizista, vyote hivyo ni mapambo. Swali ni moja: nani abonyeze, na nani aachie?

Voksi inasema: sauti ibonyeze. Vizuri. Sauti ya nani? Wewe upo Darajani, nyuma yako pikipiki, muuza kashata, adhana. Voksi haijui lipi ni neno lako na lipi ni honi ya daladala. Vyote vitarushwa, na nahodha hatapata nafasi ya kujibu.

FundiChake
Mzee kasema kweli na mie nina kovu. Miaka ile nilifunga kitu hiki kwa hoteli moja, sitaitaja, ili meneja apige simu na walinzi wamsikie kwenye redio za mkononi. Kwa voksi. Ikafanya kazi wiki mbili. Usiku mmoja simu ikaita, ikajipokea, aliyepiga amekosea namba, akakata. Upande wa simu ukabaki na mlio wa kukatika, kisha ule ujumbe wa mtandao wa yule mwanadada. Voksi ikasikia sauti, ikabonyeza. Walinzi wakakesha na mwanadada kwenye redio zao, hawawezi kusema neno, chaneli imeshikwa. Asubuhi nimeitwa, redio ukiigusa inaunguza mkono, na kile kipande cha mwisho cha kurushia kimekufa. Nililipa mie.

YakheWaDarajani
Walinzi walioa?

FundiChake
Nyamaza yakhe.

BintiMkoani
Salaam wote. Mie ni fundi umeme na sola. Kabla hamjafika kwenye voksi, nina swali kwa mwenye uzi. Kwa nini simu ipande kilimani?

MwaniNaBahari
Kwa sababu ripita ipo kilimani, dada yangu.

BintiMkoani
Na nahodha yupo kilimani?

Nahodha yupo baharini na anaitumia ripita kutoka mbali. Anarusha kwenye masafa ya kuingilia, ripita inapokea na kurusha palepale kwa masafa mengine, boti nyingine inasikia. Huhitaji kuigusa ripita ili uitumie. Basi na simu iitumie vilevile. Chukua redio ya tatu, ya kwenye gari au ya mezani, iweke ghalani Tumbe. Iunge na simu hapo hapo ghalani, ambapo mtandao umejaa na umeme upo. Redio hiyo itaiita ripita kama boti nyingine yoyote. Ripita haitajua kama anayesema ni nahodha au ni mtu yuko Darajani.

FundiChake
Dada hapo unaongeza redio nzima, gharama. Sanduku la ripita lina tundu la nyuma lenye kila kitu, sauti ya kuingia, sauti ya kutoka, kitufe, ardhi. Na betri ya kilimani ikiongezewa simu haitastahimili masika.

BintiMkoani
Betri si hoja, kaka. Piga hesabu. Ripita ndogo ikisubiri inakula kama nusu ampea, ikirusha wati 25 inakula kama ampea 6. Wakirusha jumla ya saa mbili kwa siku, hiyo ni ampea-saa 12, na saa 22 za kusubiri ni 11. Jumla 23. Simu ikiwa kwenye chaji siku nzima inaongeza tatu, nne. Betri ya 100 uliyoiweka wewe mwenyewe, nadhani, haitalalamika kwa nne.

Hoja yangu ni hii. Kwanza, simu yenye vijiti viwili inapiga kelele kwa nguvu zake zote ili mnara uisikie, na simu ya 2G kwenye masafa ya 900 inaweza kufika wati 2 kwa kila mpigo. Unataka kitu hicho kikae shibiri moja na pokezi ya ripita inayosikiliza boti iliyo mbali? Pili, betri ya simu kwenye chaji mwaka mzima ndani ya sanduku la bati, jua la Pemba, itavimba kama andazi. Tatu, simu ikiganda nani anapanda kuizima na kuiwasha? Ghalani kijana ananyoosha mkono.

FundiChake
Ya tatu imenimaliza. Nakubali. Mwenye uzi, sikiliza dada.

MwaniNaBahari
Kupanda kule mvua ikinyesha ni shughuli, udongo wote unakufuata nyumbani. Nimekubali. Redio ya ziada tunayo, ilikuwa ya boti ya tatu iliyouzwa.

NahodhaMstaafu
Mafundi mmesema, na mie nataka kuuliza la bahari. Hiyo ripita boti zinaisikia mpaka wapi? Maana watu wakishapewa chombo wanadhani kitawafikisha Mombasa.

MzeeWaSimuYaUpepo
Kapiteni, mawimbi haya yanakwenda kama jicho, mbele ya upeo kidogo tu. Kanuni ya mkono ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha antena ya pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena ikiwa mita 60 juu ya bahari, kipeuo chake ni 7.7. Ya boti mita 2, kipeuo ni 1.4. Jumla 9.1, mara 4.12, kama kilomita 37. Hiyo ni bahari tupu. Ukiingia nyuma ya kisiwa chenye minazi usinitafute.

NahodhaMstaafu
Ahsante. Na jambo la pili, naliweka wazi kwa sababu nimeona mengi kwenye mkondo wa Nungwi, na wote tunaukumbuka Septemba 2011, ilipozama Spice Islander. Chombo hiki kiwe cha bei ya mwani. Kisiwe cha kuombea uokozi. Boti iwe na redio ya bahari yenye chaneli 16, megahezi 156.8, ambayo meli yoyote iliyo karibu inaisikia. Ripita ya kikundi wanaisikia wenye kikundi tu. Mtu akizama hataki kusikilizwa na ghala la mwani peke yake.

MwaniNaBahari
Nimekufahamu, baba. Boti kubwa inayo. Ndogo haina, nitalishughulikia.

NahodhaMstaafu
Lishughulikie kabla ya hili la simu.

KaratasiKwanza
Na mie nije na ubaridi wangu. Karatasi yenu inasema masafa gani, nguvu kiasi gani, kituo kiko wapi na ni cha kazi gani. Soma kila mstari. Kituo kipya ghalani ni kituo kipya hata kama redio ni ileile. Na kuunga redio na mtandao wa simu ni jambo la kuuliza kwa maandishi, si la kudhani.

YakheWaDarajani
Si tuna Tume ya Utangazaji yetu hapa hapa Zanzibar, aulize huko.

KaratasiKwanza
Tume ya Utangazaji Zanzibar ni ya utangazaji, redio unazosikiliza nyimbo na TV. Masafa ya mawasiliano kama haya ni mambo ya Muungano, yapo chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nao wana ofisi hapa Zanzibar. Sheria yenyewe ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Wengi wanachanganya.

TechUnguja
Jamani mbona mnahangaika na transfoma? Kuna EchoLink. Unaweka programu kwenye simu, unachagua ripita popote duniani unaongea. Mie nimewahi kuona mtu yupo hapa anaongea kupitia ripita ya Uingereza.

MzeeWaSimuYaUpepo
Umeona kweli, mwanangu, ila si dawa ya huyu. EchoLink aliitengeneza Jonathan Taylor, Mmarekani, mwaka 2002, na ni ya watu wa redio za ridhaa, wanaorusha kwa kupenda tu. Hawakufungulii mpaka uthibitishe una leseni na alama ya wito, yaani jina lako la hewani. Zanzibar alama zetu zinaanza na 5H1. Zamani, kabla ya Muungano, ilikuwa VQ1, na wazee wa Ulaya walikuwa wakikesha kutafuta VQ1 moja tu waiweke kwenye daftari zao. Redio ya ridhaa ni ya kujifunza na kujaribu, biashara hairuhusiwi, na huyu anazungumza bei ya kotonii. Iko pia AllStarLink, iliyojengwa juu ya Asterisk, ile programu ya mitambo ya simu za ofisini, hata simu ya kawaida unaweza kuiingiza. Nzuri sana. Lakini nayo ni nyumba ya wenye leseni hizo.

TechUnguja
Na Zello? Ile haina leseni.

BintiMkoani
Zello ni simu kwa simu kupitia intaneti. Inaweza kuungwa na redio, waya ni uleule wa FundiChake, na faida yake kubwa ni kwamba Zello yenyewe ina kitufe, inajua zamu. Ila upande wa redio bado unarusha hewani, kwa hiyo karatasi ni ileile. Na ghala linahitaji bando lisilokatika. Mie ningeanza na simu ya sauti, vocha ya mia tano inamaliza kazi.

MzeeWaSimuYaUpepo
Turudi kwenye swali langu ambalo mmelikimbia. Nani abonyeze?

Jibu langu: abonyeze yeye mwenyewe, akiwa Darajani. Simu ina vitufe, na kila kitufe ukikibonyeza katikati ya mazungumzo kinatoa sauti mbili kwa pamoja. Nyota (*) ni hezi 941 na 1209. Reli (#) ni 941 na 1477. Iko chipu moja ndogo, MT8870, ya zamani, rahisi, maduka ya vipuri wanaijua. Inahitaji volti 5 na kile kioo (kristali) cha megahezi 3.58. Kazi yake ni kusikia sauti hizo na kuzigeuza kuwa namba kwenye miguu minne, Q1 mpaka Q4, na inaishikilia namba ya mwisho mpaka ije nyingine.

Sasa tazama uzuri. Nyota inaandikwa 1011. Reli inaandikwa 1100. Mguu wa mwisho kulia ni Q1. Ukibonyeza nyota, Q1 inapanda. Ukibonyeza reli, Q1 inashuka. Huhitaji kompyuta wala programu. Q1 ipite rizista ya kilo-omu 4.7, iingie transista ya 2N2222, transista ivute rilei ndogo, ile swichi inayovutwa na umeme, rilei ibonyeze kitufe cha redio. Diodi mgongoni mwa rilei usisahau, 1N4007 inatosha. Nyota: nasema. Reli: nimemaliza, sema wewe.

FundiChake
Mzee!!! Miaka yote hii mie naandika programu kwa kazi hiyo.

MzeeWaSimuYaUpepo
Namba za witiri zote zinainua Q1 vilevile, 1, 3, 5, 7, 9. Akibonyeza 5 kwa bahati mbaya atakuwa hewani. Haidhuru. Kinachodhuru ni akibonyeza nyota, kisha vocha ikamwishia. Redio itabaki imebonyezwa. Kwa hiyo kati ya Q1 na rilei weka taima, chipu ya 555 inatosha, ikifika dakika moja ikate hata kama Q1 bado iko juu. Fundi, ule usiku wako wa hotelini ungekuwa wa dakika moja.

FundiChake
Na ningekuwa na nyumba ya pili sasa hivi.

MwaniNaBahari
Wakubwa, sina la kusema. Barua nimeipeleka. Huku nasubiri, naweza kujaribu?

KaratasiKwanza
Mezani, bila antena hewani.

FundiChake
Bila antena kabisa utaiua redio. Weka mzigo bandia, rizista ya omu 50 inayostahimili joto, nguvu zote zinaishia humo. Punguza redio iwe wati 5. Pembeni weka redio ya mkononi isikilize.

*(Siku 9 baadaye)*

MwaniNaBahari
Ripoti. Nimelehemu kwa mkono wangu, kijana wa ghala kashika taa. Simu inajipokea. Nikibonyeza nyota rilei inalia "tak", nikibonyeza reli inalia "tak". Nimefurahi kama mtoto wa Idi.

Matatizo mawili. Moja, sauti yangu ikitoka ina mlio nyuma yake, dududududu, kama pikipiki iliyo mbali. Mbili, wakati mwingine nabonyeza nyota haisikii, mpaka nirudie.

BintiMkoani
La kwanza ni simu. Simu ya 2G hairushi mfululizo, inarusha kwa mapigo, mara 217 kila sekunde, na waya wako wa sauti unayaokota kama antena. Simu iko umbali gani na kisanduku?

MwaniNaBahari
Imelala juu yake.

BintiMkoani
Yakheee. Isogeze mita moja na nusu. Waya uwe wenye ganda la shaba la kuzuia, na uuzungushe mara tatu, nne kwenye pete ya feraiti, zile pete nyeusi za kwenye waya za kompyuta chakavu. Ikiwezekana simu ishike 3G.

MzeeWaSimuYaUpepo
La pili: mtandao wa simu unabana sauti za watu, na sauti za vitufe si za watu, zinafika zimechoka kidogo. Punguza sauti ya simu kidogo, ikizidi chipu nayo haielewi. Na wewe usiguse tu ukaachia, bonyeza ukae.

*(Wiki 3 baadaye)*

MwaniNaBahari
Karatasi imetimia, kituo cha ghalani kimo. Boti ndogo nayo ina redio ya bahari sasa, nahodha mstaafu asije kuniuliza. Pete ya feraiti nimeipata kwenye waya wa skrini mbovu, dududu imekwisha. Kwenye simu nimeandika namba nne tu zinazoruhusiwa kuingia, nyingine zote inazikataa, ili yule mwanadada wa FundiChake asije Tumbe.

Leo asubuhi nimepiga kutoka Darajani. Ikaita mara mbili, ikapokea. Nyota. "Nahodha, nahodha, nipo Unguja." Reli. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu namsikia: "Nani huyo anasema 'odha, odha'?"

FundiChake
Hahaha. Umesema kabla ripita haijafunguka. Ripita yenu ina toni ya chini ya kuifungulia, hezi 88.5 kama sikosei nilivyoiweka. Redio ya ghala ikianza kurusha, ripita inachukua muda mdogo kuitambua ile toni, kisha ndipo inarusha. Bonyeza nyota, vuta pumzi, halafu sema.

MwaniNaBahari
Nimefanya. Bismillahi moja kimoyomoyo, halafu nasema. Sasa nasikika kamili. Yeye nami namsikia vizuri, na mashine ya boti nyuma yake naisikia, hata nimemwambia inakosa moto silinda moja.

NahodhaMstaafu
Hiyo ndiyo simu.

BintiMkoani
Viungo vya antena umevifunga? Hapo Tumbe chumvi inakula shaba mchana unaona. Utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, kisha utepe mweusi juu. Na waya wa antena uufanyie tone kabla haujaingia ukutani, ushuke chini kisha upande, maji yadondoke hapo.

MwaniNaBahari
Utepe nimeweka. Tone sijaweka. Kesho.

*(Mwezi mmoja baadaye)*

YakheWaDarajani
Vipi mwani? Uzi umelala.

MwaniNaBahari
Chombo kinafanya kazi. Taima imekata mara moja tu, nilisahau reli nikaanza kujadiliana na muuza madafu, ikanitoa hewani kwenye dakika.

Ila kuna jambo sikuliwaza, wala nyinyi hamkunambia. Redio haina siri. Bamvua hii nikiwa kwa mnunuzi nimempigia nahodha nikamwambia bei ya kotonii imepanda, shilingi mia kwa kilo, ajaze boti haraka. Nahodha akasema sawa. Kumbe kijana wa ghala kawapa akina mama wa chanja redio moja ya mkononi, ati wajue boti inafika saa ngapi. Wamekaa chini ya mkungu wanageuza mwani, wanasikiliza. Boti imefika, nahodha kataja bei ya zamani, wakacheka wote. Bi mkubwa mmoja kamwambia, "Sisi tumemsikia mwenyewe yupo Darajani. Unabonyeza nini wewe?"

FundiChake
Hahahaha! Ukafanyaje?

MwaniNaBahari
Nimeongeza sabini. Sasa hivi wakitaka kujua bei hawamuulizi nahodha tena. Wanamtuma kijana anipigie nibonyeze nyota.